Sarafu za Fedha za Zamani: Zisafisheni, Lakini Msizifute

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, kila mtu na daftari lake na kalamu yake, na kiongozi wa darasa amekwisha kuandika kichwa cha somo ubaoni. Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia ya kushikwa mkononi. Nilikuombeni juma lililopita kwamba mwenye sarafu ya zamani nyumbani kwake aje nayo. Kama umekuja nayo, tafadhali iweke juu ya kitambaa mbele yako. Usiisugue. Usiiteme mate. Iache kama ilivyo mpaka tumalize somo, na sababu yake utaiona.

Kwanza nitakuelezeni kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto wa miaka 12.

Bibi yangu alikuwa na rupia moja ya fedha, aliyoachiwa na mama yake. Aliitunza ndani ya kitambaa, chini ya nguo katika sanduku. Alituambia kwamba rupia ile ilikuwamo katika mahari aliyotolewa mama yake. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Basi siku moja bibi alipokwenda shamba, mimi nikataka kumfurahisha. Nikachukua majivu, mchanga laini na kipande cha ndimu, nikaisugua rupia ile mpaka ikang'aa kama kioo. Bibi aliporudi nikamkabidhi huku nikicheka. Aliishika, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mjukuu wangu, hii siyo ile." Hakunipiga. Aliirudisha katika kitambaa chake, akanyamaza.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Rupia ile ilikuwa ya wakati wa Wajerumani. Upande mmoja ina picha ya Mfalme Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili ina simba na mti wa jamii ya mnazi, jina la Kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka. Lakini mwaka wenyewe sasa wasomeka 1, 8, 9, basi. Tarakimu ya nne imekwisha. Ilikuwa imelika kwa kupita katika mikono ya watu, na mimi nikaimalizia kwa mchanga.

Labda utauliza, "Tarakimu moja ina nini?" Fikiri hivi. Sarafu haiwezi kutolewa mahari kabla haijatengenezwa. Kama ingesomeka 1893, tungejua kwamba ndoa ile haikufungwa kabla ya mwaka 1893. Katika ukoo wetu hakuna cheti cha ndoa hiyo wala barua. Ushahidi wa maandishi ulikuwa ule mmoja, tena mdogo kama punje ya mtama, na mimi niliufuta kwa mapenzi mema.

Sasa tuingie katika historia yenyewe.

MANENO YETU YATOKA KATIKA FEDHA

Neno "fedha" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yenyewe, yale meupe yanayong'aa. Kwa kuwa sarafu kubwa za biashara zilitengenezwa kwa madini hayo, neno likapata maana ya pili, yaani mali ya kununulia vitu. Neno "rupia" latoka Bara Hindi, nalo pia asili yake ni neno la fedha. "Pesa" ilitoka huko huko, ikiwa sarafu ndogo ya shaba. "Hela" ni Heller ya Wajerumani: tangu mwaka 1904 rupia yao iligawanywa kwa Heller 100, na kabla ya hapo iligawanywa kwa pesa 64. Na "thumni" ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Kwa hiyo mtu akisema leo "sina hela wala pesa", ametaja mataifa mawili katika maneno manne, naye hajui.

SARAFU ZISIZO NA MWAKA

Msidhani kwamba sarafu zililetwa hapa pwani na Wazungu. Watawala wa miji ya Waswahili walitengeneza sarafu zao wenyewe zamani sana, za shaba na za fedha. Katika mwaka 1984, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta fungu la sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na sarafu chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Sarafu zile za fedha zina majina ya watawala kwa maandishi ya Kiarabu. Jina moja ni Ali bin al-Hasan, na habari za kale za Kilwa zamtaja mtawala wa kwanza mwenye jina kama hilo.

Angalia sasa jambo hili. Sarafu zile za fedha hazina mwaka. Wataalamu waliweza kukadiria kuwa ni za karne ya 11 kwa sababu zilikutwa pamoja na zile za dhahabu, ambazo umri wake hujulikana. Je, kama mtu angalizikuta kabla yao, akazitenga hizi na hizi, akazisugua na kuziuza mojamoja? Leo tusingejua lo lote. Tungekuwa na vipande vya fedha tu, bila habari.

SARAFU ISEMAYO MWAKA USIO WAKE

Katika karne ya 19, sarafu iliyopendwa mno Unguja, Mombasa, Maskati, Yemen na Uhabeshi ilikuwa reale. Zilikuwapo za namna nyingi. Reale za Spain zenye picha ya nguzo mbili, watu wa pwani waliziita reale ya mzinga, maana nguzo zile waliziona kama mizinga. Na ile yenye picha ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi iliitwa reale ya Shamu. Mwanamke yule ni Maria Theresa, mtawala wa Austria.

Maria Theresa alikufa mwaka 1780, na reale zake zimeandikwa mwaka huo. Lakini wafanya biashara wa nchi zetu walikwisha kuizoea sura ile, wakawa hawataki nyingine. Basi serikali ya Austria ikaendelea kuzitengeneza kwa sura ile ile na mwaka ule ule. Mwaka 1935 Waitalia, walipokuwa wakijiandaa kuivamia Uhabeshi, walipewa haki ya kuzitengeneza Rome. Mwaka 1936 Waingereza wakaanza kuzitengeneza London, na mwaka 1940 na 1941 zikatengenezwa Bombay. Zote zasema 1780! Kwa hiyo ukiwa na reale hiyo, usiseme upesi, "Hii ina zaidi ya miaka 200." Pengine ilitoka kiwandani babu yako akiwa kijana.

Wataalamu huzitambua kwa alama ndogo sana: hesabu ya lulu katika pambo la nguo, umbo la manyoya ya tai upande wa nyuma, na maandishi ya ukingoni. Ndiyo, ukingoni pana maneno ya Kilatini yenye maana ya "haki na huruma". Maneno yale yaliwekwa pale ili mwizi akikwangua ukingo apate unga wa fedha, ajulikane mara moja. Na wewe ukiusugua ukingo kwa msasa, wafanya kazi ile ile ya mwizi, ijapokuwa hukukusudia.

Kuna na mtego mwingine. Seyyid Barghash wa Unguja alitoa reale yake mwenyewe yenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1299. Usidhani ni ya karne ya 13. Huo ni mwaka wa Hijra, nao waangukia karibu na mwaka 1882.

KUTOKA RUPIA HATA SHILINGI

Biashara na Bara Hindi ilipozidi, rupia ilishika nafasi ya reale. Kampuni ya Wajerumani ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ikaanza kutoza kodi ya nyumba, na watu wengi wakalazimika kutafuta kazi ya mshahara ili kuipata rupia. Kwa hiyo kipande hiki kidogo cha fedha kilibadili maisha ya vijiji. Kina jasho la mtu ndani yake.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Uingereza iliweka Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki mwaka 1919. Mwaka 1920 ikaja florini, nayo haikukaa. Ikafuata shilingi, yenye simba na milima nyuma yake. Za kwanza zimeandikwa 1921.

Hapa tuandike hesabu kidogo ubaoni. Tukigawanya sarafu kwa sehemu 1,000, reale ya Maria Theresa ina sehemu 833 za fedha, na rupia ina sehemu 917. Lakini shilingi zile za Bodi, tangu 1921 mpaka 1946, zina sehemu 250 tu, yaani robo. Zile za 1948 na kuendelea hazina fedha hata kidogo. Mkumbuke hesabu hii, maana yatusaidia katika kusafisha.

WEUSI ULE NI NINI?

Watu wengi hudhani weusi wa sarafu ni uchafu. Sivyo. Fedha haishiki kutu kama chuma. Lakini hewa ina chembe za salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti. Salfa hutoka katika moshi, katika mayai, katika vitunguu, katika mpira na katika sufu. Ikikutana na fedha, hufanya ngozi nyembamba: kwanza ya rangi ya manjano, kisha kahawia, mwisho nyeusi. Ngozi hii ni sehemu ya sarafu yenyewe. Fedha iliyomo ndani yake ilikuwa uso wa sarafu jana. Ukiiondoa kwa kusugua, umeondoa uso.

Tena ngozi hii yafaa kitu. Weusi hukaa zaidi katika mabonde ya herufi na picha, ukawa kama wino. Sarafu iliyolika sana mara nyingi husomeka vizuri ikiwa nyeusi kuliko ikiwa imeng'arishwa. Na watu wanaonunua sarafu za zamani hulijua jambo hili: sarafu iliyosuguliwa huilipia kidogo kuliko ile iliyoachwa na rangi yake. Basi yule anayesugua ili apate bei nzuri, huipunguza bei kwa mikono yake.

MAMBO YA KUKATAZWA

Usitumie majivu, mchanga, unga wa matofali, msasa, dawa ya meno wala unga wa kusugulia sufuria. Vyote hivi vina chembe ngumu, na fedha ni laini. Kila chembe huacha mkwaruzo, na mkwaruzo haurudi.

Usitumie ndimu, limau, ukwaju wala siki. Ukali wake huila shaba iliyochanganywa na fedha. Shilingi za zamani ndizo huumia zaidi, kwa sababu robo tatu ya sarafu si fedha. Mara nyingi ukizisugua, ngozi ya juu huondoka na wekundu wa shaba ukatokea kwa mabaka.

Wengine hutandika karatasi ya alumini katika bakuli, wakatia magadi na maji ya moto, na weusi ukatoka bila kusugua. Ni kweli hutoka, na kwa kijiko cha fedha si neno. Lakini sarafu hubaki na weupe mfu, pengine na madoa, wala rangi yake ya kale hairudi. Kwa sarafu ya zamani, usifanye hivyo.

Fundi wa vipuli na bangili hung'arisha fedha, naye hana kosa. Pambo limefanywa ili ling'ae. Sarafu ya zamani ni kama barua, na barua haioshwi kwa mchanga.

NJIA YA SALAMA

Sasa tufuate hatua moja baada ya moja. Kiongozi wa darasa aziandike.

1. Kabla ya yote, itazame na uandike. Andika kila herufi unayoiona, hata kama huijui maana yake. Kama pana simu yenye kamera, piga picha pande zote mbili. Andika pia maneno ya wazee: sarafu ilitoka kwa nani, na alisema nini juu yake.

2. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe. Shika sarafu kwa ukingo, si kwa uso, maana jasho na mafuta ya vidole huacha alama.

3. Chukua bakuli la plastiki, tandika kitambaa laini cha pamba ndani yake, ili sarafu isigonge. Tia maji ya uvuguvugu. Maji ya mvua yaliyochujwa ni mazuri. Ongeza tone moja la sabuni laini ya maji.

4. Tia sarafu moja tu. Ukitia nyingi, zitakwaruzana. Iache dakika 10 au 15. Tikisa bakuli polepole. Mavumbi na mafuta yatajitoa yenyewe. Usitumie mswaki.

5. Isuuze katika maji safi mara mbili au tatu, mpaka sabuni iishe yote.

6. Iweke katikati ya vitambaa viwili vya pamba, uibonyeze kidogo. Bonyeza, usifute. Kisha iache kivulini saa nzima. Usiianike juani wala kuiweka karibu na moto.

7. Hapo simama. Weusi uliobaki, uache. Kama pana kijani kigumu kilichogandamana, usikikwangue kwa kisu wala sindano. Mwonyeshe mtaalamu wa makumbusho.

Hatua hiyo ya 7 ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono wa mtu hupenda kuendelea. Mkono wangu uliendelea, na tarakimu ikaenda.

MAHALI PA KUIWEKA

Ifunge katika karatasi nyeupe safi, kila sarafu peke yake, uiweke mahali pakavu. Usiifunge kwa mpira, usiiweke karibu na vitunguu wala ndani ya kitambaa cha sufu; tumekwisha kusema habari ya salfa. Mifuko laini ya plastiki yenye kunuka nayo si mizuri, maana baadhi yake hutoa utelezi wa kijani unaokula sarafu. Juu ya karatasi andika jina la sarafu, na jina la aliyekuachia.

KAMA UMEIKUTA ARDHINI

Sarafu uliyorithi ni mali ya ukoo. Lakini sarafu iliyotoka ardhini, kwa jembe au kwa mvua, ni jambo lingine. Hiyo usiioshe kabisa. Acha na udongo wake, uweke alama mahali ulipoikuta, usiendelee kuchimba, ukatoe habari kwa serikali ya kijiji au kwa makumbusho. Tanzania Bara ina sheria ya kulinda vitu vya kale tangu mwaka 1964, na nchi nyingine nazo zina sheria zake. Lakini hata pasipo sheria, kumbukeni Mtambwe Mkuu: kitu kilicholala kando ya sarafu ndicho kinachotuambia umri wake.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mmejifunza kusoma mkiwa watu wazima. Mwajua uchungu wa kutazama maandishi usiweze kuyasoma. Bibi yangu hakujua kusoma. Kwa miaka yote ile alikaa na mwaka ule katika sanduku lake, wala hakuujua. Mimi niliyejua kusoma ndimi niliyeufuta, kwa kuwa nilisugua kabla ya kusoma. Kwa hiyo leo nakuombeni jambo moja: someni kwanza. Chukueni sarafu zile zilizo mbele yenu, mzielekeze penye mwanga, na kila mmoja amsomee jirani yake herufi anazoziona. Msiokuja na sarafu, nendeni nyumbani mkawaulize wazee, nao wakiwafungulia sanduku, kaeni chini mwasikilize.

Rupia ya bibi ninayo mpaka leo. Imeanza kuwa nyeusi tena, nami nimeiacha.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini hatuwezi kujua umri wa reale ya Maria Theresa kwa kusoma mwaka wake tu?
2. Sarafu yenye mwaka 1299 wa Hijra ilitolewa na mtawala gani?
3. Shilingi ya mwaka 1925 ina uzito wa gramu 7.8 hivi. Robo yake ni fedha. Je, ina karibu gramu ngapi za fedha?
4. Taja vitu 4 ambavyo havifai kusafishia sarafu, na useme sababu ya kila kimoja.
5. Andika mistari 5 juu ya kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani kwenu, na habari zake.

MANENO MAGUMU

Mahari: mali atoayo mwanamume kwa ajili ya ndoa.
Ukingo: upande mwembamba unaoizunguka sarafu.
Tarakimu: alama ya kuandikia hesabu, kama 1, 2, 3.
Hijra: hesabu ya miaka ya Kiislamu.
Kukadiria: kukisia kwa kufuata dalili.
Kurithi: kupata mali iliyoachwa na mtu aliyekufa.